Gari Linakosa Nguvu, Linatoa Moshi, Taa ya Oili Inawaka: Je, Ni Filta?

Injini ya gari inalindwa na filta tatu: ya hewa, ya oili na ya mafuta. Kwa kuwa bei yake ni ndogo, filta ndiyo inayoshukiwa kwanza gari linapoanza kusumbua, na mara nyingi hubadilishwa bila kupimwa. Tatizo likibaki palepale, mwenye gari anaambiwa anunue pampu, kisha nozeli (kinyunyizio cha mafuta), kisha sensa. Hapa tunaanzia upande wa dalili: gari linafanya nini, ni filta ipi inayoweza kuleta hali hiyo, na unathibitishaje kabla ya kutoa hela.

Jambo moja litangulie, maana ndilo linalosahaulika gereji nyingi. Filta ya hewa au ya mafuta iliyoziba italeta malalamiko utakayoyasikia. Filta iliyotoboka, au isiyokaa sawasawa, haileti malalamiko yoyote: gari linavuta vizuri huku vumbi likisaga ringi za pistoni na silinda. Ya pili ndiyo ya kuogopa zaidi.

Gari linaunguruma vizuri likisimama, lakini mlimani linakosa nguvu

Injini ya lita 1.5, kama ile 1NZ-FE iliyomo kwenye Toyota IST, Probox na Vitz nyingi, ikiwa imewaka bila kukanyagwa mafuta huvuta gramu mbili au tatu tu za hewa kwa sekunde. Ikikanyagwa hadi mwisho na kufika mizunguko 6,000 kwa dakika, huvuta mara ishirini hadi thelathini ya hapo. Ndiyo maana filta ya hewa iliyoziba nusu haionekani gari likiwa limesimama. Petroli nayo ni hivyohivyo: filta ya mafuta iliyoziba hupitisha kiasi kinachotosha kutembea mjini, ikashindwa pale unapolipita lori kwenye mlima.

Kazi ya kwanza ni kujua kinachokosekana ni hewa au mafuta.

Kwenye dizeli, angalia ekzosi. Nguvu ikipungua huku moshi mweusi ukitoka, mafuta yapo ila hewa haitoshi: anza na filta ya hewa, kisha mabomba ya turbo. Nguvu ikipungua bila moshi wowote, mafuta ndiyo hayafiki: anza na filta ya dizeli. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote. Mtu mmoja aendeshe kwenye mlima, mwingine atazame nyuma.

Kwenye petroli moshi hausaidii sana, kwa hiyo sikiliza tabia ya gari. Filta ya hewa iliyoziba hufanya gari liwe zito bila kushtuka: linapanda taratibu, mizunguko inagoma kufika juu, lakini haliruki wala halikatikikatiki. Mafuta yakikosekana, gari hushtuka na kukata ukikanyaga kwa nguvu, kisha hurudi sawa ukilegeza mguu. Mara nyingine utasikia pampu ikivuma chini ya kiti cha nyuma, kwa sababu inasukuma kupitia njia iliyoziba.

Kabla hujafungua kitu, kumbuka mahali ulipo. Injini isiyo na turbo ikitoka Dar es Salaam au Mombasa ikapanda hadi Nairobi, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Hakuna filta itakayoirudisha.

Kuikagua filta ya hewa

Fungua klipu za boksi la filta (kwa kawaida mbili hadi nne), inua kifuniko bila kuvuta waya wa sensa ya kupima hewa, toa filta. Rangi pekee haitoshi kuamua. Filta ya kijivu bado inaweza kupitisha hewa vizuri, na ukweli ni kwamba tabaka jembamba la vumbi juu ya karatasi huifanya ichuje vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Ishike dhidi ya jua au weka taa ya tochi upande wa ndani, kisha angalia mikunjo mmoja baada ya mwingine.

Mwanga ukipenya karatasi karibu yote, hata kwa ufifi, filta bado ina maisha. Ukiona sehemu kubwa iko giza kabisa, badilisha. Ukiona nukta kali ya mwanga, ndogo kama ncha ya sindano, hilo ni tundu: badilisha siku hiyohiyo, hata kama filta nyingine yote ni safi. Mikunjo iliyolalia upande mmoja ni dalili kwamba ililowa maji au ilipigwa upepo wa nguvu. Nayo ni ya kutupa.

Mpira wa pembeni ubonyeze kwa vidole. Unatakiwa uwe laini na urudi mahali pake. Uliokauka au kupasuka hauzibi tena.

Ukikuta filta ina oili upande unaotazama injini, usibadilishe filta ukaondoka. Oili hiyo inatoka kwenye bomba la pumzi ya injini. Chomoa valvu ya PCV (ile inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa) uitikise: inatakiwa ipige kelele ndani. Ikiwa kimya, imeganda, na mgandamizo wa ndani ya injini unasukuma mvuke wa oili hadi kwenye filta. Valvu ikiwa nzima na oili bado inakuja, pima mgandamizo wa silinda, maana huenda ringi zimechoka.

Malori na mashine nyingi za dizeli zina kifaa kidogo cha kuonyesha kuziba, kimechomekwa kwenye bomba baada ya filta. Kikifika eneo jekundu, kwa kawaida mvuto wa inchi 25 za maji, filta imefika mwisho. Baada ya kuweka mpya, bonyeza kitufe kirudi chini. Fundi akisahau kukibonyeza, dereva wa zamu inayofuata ataitupa filta mpya.

Moshi mweusi, na gari linakula mafuta

Hapa filta ya hewa hulaumiwa zaidi ya inavyostahili. Kwenye gari la kabureta, lawama ina msingi: hewa ikipungua, mafuta yanaendelea kuvutwa, mchanganyiko unakuwa mzito. Gari la petroli lenye nozeli na kompyuta halifanyi hivyo. Sensa inapima hewa iliyoingia kweli, na kompyuta inatoa petroli inayolingana nayo. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge National Laboratory ya Marekani ilipima magari ya nozeli yaliyozibwa filta makusudi. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni uwezo wa gari kuongeza mwendo, kwa kati ya asilimia 6 na 11.

Kwa hiyo IST ikianza kula mafuta, filta ya hewa iwe ya mwisho kwenye orodha. Anza na upepo wa matairi, breki zinazoshika, plagi zilizochoka, thamostati iliyoganda wazi, sensa ya oksijeni, na uchafu kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa. Waya huo husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, kamwe usiuguse kwa kitambaa au brashi.

Dizeli ni kesi tofauti. Moshi mweusi ni mafuta yasiyopata hewa, na filta iliyoziba ni chanzo halali. Lakini ukisikia mluzi au mpumuo mkubwa unapokanyaga, tafuta bomba lililopasuka kati ya turbo na injini kabla ya kununua filta. Mpasuko wa namna hiyo huonekana kwa oili na vumbi vilivyoganda mahali hewa inapotokea.

Vumbi baada ya filta

Toa bomba linalotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole, futa ndani ya bomba. Pawe pasafi, au pawe na utando mwepesi wa oili. Ukipata vumbi la rangi ya barabara unayopita, injini inakula mchanga, na hakuna taa itakayowaka kukuambia. Miezi baadaye utaona inapunguza oili, inatoa moshi wa buluu asubuhi, na mgandamizo wa silinda umeshuka. Wakati huo dawa ni kufungua injini.

Njia za vumbi kupita ni chache na zote zinakaguliwa kwa macho. Klipu moja ya boksi haikufungwa. Filta si ya gari hilo: inaingia, lakini ni fupi kwa milimita tatu na kona moja haikugusa. Boksi lenyewe limepasuka baada ya kudondoshwa. Bomba la mpira limechanika kwenye mikunjo yake, upande wa chini usioonekana. Likunje kwa mkono utaona ufa. Klampu imelegea. Na kwenye gari lenye snokeli (bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa juu), maungio yake hayakuzibwa.

Njia iliyozoeleka zaidi, hata hivyo, ni kupiga filta upepo. Kompresa ya gereji hukaa kwenye presha ya psi 100 hadi 150. Watengenezaji wa mitambo mikubwa wanaoruhusu filta kusafishwa kwa upepo huweka kikomo cha psi 30 hivi, bomba likiwa mbali na karatasi, na upepo ukitoka ndani kwenda nje. Karatasi ya filta ya gari dogo ni nyembamba zaidi ya ile ya mitambo hiyo. Ukiipiga psi 120 kwa karibu, unatanua vinyweleo vyake na kutoboa palipokunjwa. Filta itaonekana nyeupe, gari litavuta vizuri, mwenye gari ataridhika. Vumbi laini, lile linalosaga hasa, litapita.

Kuigonga chini ili vumbi lidondoke nako kunapinda fremu na mpira. Kuiosha kwa maji na sabuni ni kuiua moja kwa moja, isipokuwa filta za pamba au sponji zilizotengenezwa kuoshwa. Hizo za pamba zinahitaji oili yake. Ikizidi, inaruka hadi kwenye waya wa sensa ya hewa na kuuchafua.

Ukilazimika kuisafisha filta njiani, tuseme uko kwenye barabara ya vumbi kati ya Ngorongoro na Serengeti na huna nyingine, itikise taratibu kwa mkono, futa boksi kwa kitambaa chenye unyevu, irudishe ilivyokuwa. Ukifika mjini nunua mpya. Na kila unapoitoa filta, lifute boksi kwanza. Vumbi lililolala chini ya boksi likidondoka upande wa injini, umefanya kwa mkono kile filta iliwekwa kuzuia.

Gari linawaka kwa shida asubuhi

Petroli: washa swichi bila kupiga stata, subiri sekunde mbili pampu inyamaze, zima. Rudia mara tatu, kisha piga stata. Likiwaka mara moja, presha ya mafuta inashuka usiku. Chanzo chake kwa kawaida ni valvu ya kuzuia kurudi iliyomo ndani ya pampu, au nozeli inayodondosha, wala si filta. Likiendelea kusumbua hata baada ya hapo, pima presha kwa geji.

Kwa Toyota nyingi za petroli zisizo na bomba la kurudisha mafuta, presha sahihi ni kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Baada ya kuzima, ibaki angalau kPa 147 kwa dakika tano. Soma geji injini ikiwa imetulia, kisha mtu akanyage ghafla. Presha sahihi kwa utulivu inayoshuka ukikanyaga huelekeza kwenye filta, soksi ya pampu (chujio lake la kwanza) iliyomo ndani ya tenki, au pampu iliyochoka. Pima pia umeme unaofika kwenye pampu. Plagi yake iliyoungua au waya wa ardhini wenye kutu huleta dalili zilezile, na filta mpya haitasaidia.

Kabla ya kufungua bomba la petroli, toa fyuzi au relei ya pampu, washa injini iache ijizime yenyewe, piga stata mara moja tena, kisha toa waya hasi wa betri. Fanya kazi mahali penye hewa, bila sigara, jiko wala taa ya balbu ya moto karibu. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota filta imo ndani ya tenki pamoja na pampu, na unaifikia kwa kuinua kiti cha nyuma na kutoa kifuniko cha bati. Pangusa vumbi lote juu ya tenki kabla ya kufungua, na weka oringi mpya. Ya zamani ikirudishwa, utanusa petroli ndani ya gari kila ukijaza tenki.

Dizeli isiyowaka asubuhi mara nyingi imeingiza hewa. Minya pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, kisha piga stata. Ikiwaka safi, na kesho yake tatizo likarudi, hewa inaingia mahali fulani: oringi ya filta iliyobanwa vibaya, kizibo cha kutolea maji kilicholegea, au bomba la mpira lililokauka. Weka kipande cha bomba la plastiki angavu baada ya filta uangalie mapovu. Ikiwa pampu ya mkono haiwi ngumu kabisa, hewa inaingia upande wa tenki.

Taa ya maji kwenye dizeli

Dizeli yenye maji ni adui wa mfumo wa komoni reli, ule wa reli moja yenye presha kubwa inayolisha nozeli zote. Mafuta hubanwa hadi bar 1,600 na zaidi, na vitundu vya nozeli vina upana wa sehemu ndogo tu ya milimita. Tone la maji likifika hapo hakuna kinacholainisha chuma. Taa ya filta ya dizeli ikiwaka, usisubiri sevisi. Zima injini, weka chupa angavu chini ya filta, legeza kizibo cha chini mizunguko miwili hivi, minya pampu ya mkono hadi itoke dizeli tupu, kaza kwa vidole. Acha chupa itulie robo saa: maji yatakaa chini, dizeli juu. Ukipata maji zaidi ya vijiko vichache, tenki lenyewe lina maji. Taa itarudi mpaka litolewe na kusafishwa.

Utando mweusi wa kuteleza ndani ya filta ni ukungu na bakteria wanaoishi mpakani mwa maji na dizeli. Hapo filta itaziba tena baada ya safari chache kama tenki halikusafishwa.

Kuna kitu filta haiwezi: kutoa mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli. Filta hukamata chembe na maji; mafuta ya taa hupita na dizeli, yakipunguza ulainishaji wa pampu. Uchakachuaji huo ndio uliozifanya serikali za Afrika Mashariki kuchukua hatua za kodi. Kenya, kwa mfano, iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Ukibadilisha filta na pampu bado inalia, kituo unachojazia nacho kiwe miongoni mwa washukiwa.

Ukisoma msimbo wa hitilafu P0087 kwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari, maana yake presha kwenye reli ni ndogo. Filta ya dizeli ndiyo ya kwanza kubadilishwa hapo, kwa kuwa ndiyo nafuu. Msimbo ukirudi, tafuta hewa inayoingia, kisha valvu ya pampu, kisha nozeli zinazorudisha mafuta kupita kiasi. Kwenye petroli, P0171 ni mchanganyiko mwepesi. Filta ya mafuta inaweza kuuleta, ila bomba la hewa lililochanika baada ya sensa huuleta mara nyingi zaidi.

Filta ya oili: ile isiyosema

Ndani ya filta ya oili, au kwenye bloku ya injini, kuna valvu ya dharura. Karatasi ikiziba, valvu hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Presha inabaki, taa haiwaki, na injini inajisaga kwa uchafu wake yenyewe. Hivyo usitegemee dalili. Filta ya oili inabadilishwa kwa kilomita, kila oili inapomwagwa. Kumwaga oili na kuiacha filta ya zamani ni kuchanganya oili mpya na takribani theluthi moja ya lita ya ile chafu.

Dalili chache zinazotokea zina maana zake.

*Kelele ya kugonga sekunde mbili tatu asubuhi, kisha inapotea.* Mpira wa ndani unaozuia oili isirudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) umekauka au ni wa ubora mbaya, filta imekuwa tupu usiku kucha. Badilisha filta kwanza. Kelele ikibaki na filta halisi, angalia cheni ya taimingi na kikazio chake.

*Taa ya oili inawaka injini ikiwa ya moto.* Zima papo hapo. Swichi nyingi za taa hii hugusa presha ikishuka chini ya bar 0.5 hivi, kwa hiyo taa ikiwaka hakuna presha ya kutegemea. Pima kiwango cha oili kwa stiki. Kiwango kikiwa sawa, toa swichi ufunge geji mahali pake. Geji ikisoma vizuri, swichi ndiyo mbovu. Geji ikisoma chini, tazama filta iliyowekwa karibuni kama ni ya injini hiyo, kisha shusha sampu ukague chujio la waya linalovuta oili. Kwenye injini za dizeli za 1KD-FTV, zile za Hilux, Prado na Hiace, washa (vipete) za shaba chini ya nozeli zikivujisha moshi, masizi huingia kwenye oili na kuganda juu ya chujio hilo. Injini hufa ikiwa na filta mpya. Hapo ni kubadilisha washa na kusafisha chujio pamoja. Kufanya kimoja ni kazi bure.

*Oili inamwagika mara tu baada ya sevisi.* Gasketi ya filta ya zamani ilibaki imeganda kwenye bloku, mpya ikawekwa juu yake. Gasketi mbili hushikilia dakika chache, kisha presha inazisukuma nje na oili yote inakwisha barabarani. Kila unapotoa filta, itazame ina gasketi. Kama haina, ipo kwenye bloku, ing'oe.

*Filta inafunga kwa shida au inavujisha taratibu.* Huenda nyuzi si zake. Filta za Toyota nyingi ndogo zina nyuzi za inchi 3/4 zenye meno 16 kwa inchi. Za Nissan na Honda nyingi ni M20 kwa 1.5. Tofauti ni chini ya milimita moja kwa upana, kwa hiyo moja inaweza kushika kidogo kwenye nyingine na kudanganya mkono. Linganisha pia upana wa gasketi: nyuzi zinaweza kufanana na gasketi ikaangukia nje ya uso wake.

Kwa 1NZ-FE kazi yenyewe iko hivi. Pasha injini dakika tano, zima. Inua gari, liweke juu ya stendi, usiingie chini likiwa juu ya jeki tu. Fungua boliti ya sampu kwa spana ya 14, acha oili itoke yote. Weka washa mpya ya boliti, kaza karibu Nm 38 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Toa filta, futa uso wa bloku, paka oili mpya kwenye gasketi ya filta mpya. Zungusha kwa mkono hadi gasketi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana kukazia. Mimina lita 3.5, washa, taa izime ndani ya sekunde chache. Zima, subiri dakika tano, soma stiki na ongeza hadi alama ya juu. Jumla ni lita 3.7 ukibadilisha filta, 3.4 usipoibadilisha.

Injini za 2ZR, kama zile za Axio na Fielder za lita 1.8, hutumia karatasi inayoingia ndani ya kikombe. Weka oringi mpya zote mbili, na kaza kikombe Nm 25 tu. Wengi hukivunja kwa kukaza kupita hapo. Hakikisha kibomba cha katikati hakikutupwa pamoja na karatasi ya zamani, kwa sababu bila hicho karatasi hubomoka.

Kuhusu filta bandia: zishike mbili mkononi. Mikunjo michache isiyo sawa, gundi iliyofurika, gasketi ngumu isiyokaa kwenye mfereji wake, na uzito mdogo, vyote ni sababu ya kuiacha dukani. Filta ya zamani ikatwe kwa kikatio chake, kwa kuwa msumeno huacha chembe zake za chuma. Tandaza karatasi juani upitishe sumaku. Unga mwembamba ni kawaida. Vipande vinavyong'aa visivyoshikwa na sumaku vinatoka kwenye beringi, na safari ndefu isubiri.

Ubadilishe lini

Filta ya oili: kila oili inapobadilishwa, yaani kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida, hadi 10,000 kwa sinthetiki kama kitabu cha gari kinaruhusu. Gari la teksi linalokaa foleni likiwa limewaka huchosha oili kabla ya kilomita kutimia. Lipe 5,000 hata kwa sinthetiki.

Filta ya hewa: watengenezaji wengi hutaja kati ya kilomita 20,000 na 40,000 kwa lami. Kwa barabara za vumbi ikague kila 5,000, na uwe tayari kuibadilisha kila 10,000 au mapema zaidi. Ukiongozana na magari mengine kwenye vumbi, siku moja inaweza kuijaza. Ukaguzi wenyewe usizidi mpaka: kila unapoifungua unaipa vumbi nafasi.

Filta ya dizeli: kila 10,000 hadi 20,000, ukishusha maji kila sevisi. Usiijaze filta mpya dizeli ya kopo; kilichomo humo kikipita upande safi hakichujwi tena. Tumia pampu ya mkono. Filta ya petroli iliyo nje ya tenki, kila 40,000. Iliyo ndani ya tenki, presha ikishuka au pampu inapobadilishwa, na kwa mafuta ya mashaka karibu kila 80,000.

Feni ya AC ikipuliza kidogo, hiyo ni filta ya kabini, nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Haihusiani na injini.

Gari lililotoka Japani bila kumbukumbu za sevisi lianze upya: filta ya hewa na ya oili siku ya kwanza, na ya dizeli kama ni dizeli. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 1,000 na filta yake, maana sabuni zilizomo ndani ya oili mpya hulegeza uchafu wa miaka na kuupeleka wote kwenye filta kwa wakati mmoja. Filta hiyo ikitoka imejaa tope jeusi, rudia tena baada ya 2,000, na shusha sampu kabla hujaanza safari ya mbali.